Maji Mabichi

Kila alipotoka shuleni, Pweza alivua sare, akavaa gauni la kazi na kushika kitambaa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta chumvi. Katika duka la shangazi yake, chumvi haikuwa na adabu hata kidogo. Iliganda kwenye mifuniko ya matangi, ikatambaa juu ya nyaya za pampu, na ukishika kitasa cha mlango kisha ukalamba kidole, ungeionja huko pia. Jina la Pweza alipewa na shangazi huyohuyo, kwa sababu mikono yake ilikuwa haitulii.

Duka hilo liliuza samaki wa maji ya chumvi, wale wa kufugwa nyumbani. Watu waliingia mchana kutwa. Walibandika nyuso kwenye vioo, wakawashangaa samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wakapiga picha, wakaaga.

"Wanakuja kupunga upepo wa feni yangu," shangazi alizoea kusema.

Mara mojamoja alitokea mtu anayetaka kununua kweli. Shangazi alimpa mtu huyo tangi, mchanga na chumvi, kisha akamwambia, "Samaki bado." Hapo ndipo wengi walipokunja uso. Shangazi aliwaeleza kwa subira kwamba maji mapya ni mabichi. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa sumu, na vijidudu vya kuila sumu hiyo huchukua wiki kadhaa kuongezeka mchangani. Kwa hiyo mteja alipaswa kutia punje za chakula katika tangi tupu, na kila wiki alete maji kidogo yapimwe. Shangazi aliyamimina katika kichupa cha kioo na kudondoshea dawa. Yakigeuka kijani, bado ni mabichi. Yakigeuka njano, yameiva.

"Na mwenye haraka je?" mteja mmoja aliwahi kuuliza.

"Mwenye haraka akanunue kuku," shangazi alijibu.

Mteja huyo hakurudi. Pweza aliumia sana siku ile. Aliona shangazi yake anafukuza wateja kwa mdomo wake mwenyewe.

Aliyekuwa akirudi ni fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alileta chupa yake kila wiki, ingawa wateja wake walimcheka. "Jamani, fundi analisha maji!" walisema walipomwona akitia punje kwenye tangi lisilo na kitu. Naye alicheka pamoja nao.

Jioni moja Pweza alimsikia shangazi akizungumza na baba yake kwa simu. "Kaka, nimechoka. Mwezi huu ukiisha bila wateja wapya, nafunga. Samaki nitamrudishia muuzaji wa jumla."

Pweza aliwatazama samaki mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na jina alilompa yeye.

Kesho yake shangazi alikwenda kuchukua magunia ya chumvi, akamwachia duka. Fundi aliingia na chupa yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Pweza. Haya, nipimie. Leo nina matumaini."

Pweza alidondosha dawa na kutikisa kichupa. Maji yakawa kijani. Si kijani kibichi sana, lakini kijani. Alikifunika kwa kiganja na kufikiria lile neno: nafunga.

"Yameiva," alisema.

Fundi aliruka kama mtoto. Alichagua samaki wawili wa rangi ya chungwa, akaondoka akiwa ameukumbatia mfuko wao kifuani.

Shangazi aliporudi aliuliza, "Ulipima vizuri?"

"Ndiyo, shangazi. Yalikuwa njano."

Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na jambo hilo lilimtisha Pweza mwenyewe.

Siku chache baadaye alitumwa kwa fundi kuchukua sketi yake ya shule. Cherehani ilikuwa kimya. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya tangi. Samaki mmoja alilala mchangani, hana uhai. Mwingine alikuwa juu kabisa, anatweta.

"Mkono wangu ni wa sindano, si wa samaki," fundi alisema polepole. "Nimewaua. Tangi nitaligawa. Lakini usimwambie shangazi yako, tafadhali. Amenifundisha kwa moyo wote, naona haya."

Pweza aliipokea sketi. Angeweza kuondoka. Hakuna ambaye angejua, kwa maana fundi alikuwa tayari amejitwika lawama yote. Alifika mlangoni, akageuka. Machozi yakamtoka.

"Si wewe, fundi. Ni mimi. Maji yalikuwa kijani. Nilikudanganya ununue, ili duka lisifungwe."

Fundi akasimama. "Basi mbio! Kamwite shangazi, huyu mmoja bado anapumua."

Shangazi alikuja na ndoo ya maji yaliyoiva. Alimzoesha yule samaki taratibu, kikombe kwa kikombe, akambeba hadi dukani. Hakumfokea Pweza, na hilo lilimuuma zaidi. Alimwomba fundi radhi kwa heshima, kisha akamgeukia mpwa wake.

"Utaweka tangi tupu dirishani. Utalilisha wewe. Kila Jumamosi utapima maji yake mbele ya yeyote atakayekuwepo, na utasema rangi unayoiona."

Jumamosi ya kwanza Pweza alisema "kijani" kwa sauti ya mbu. Lakini wapunga upepo walitaka kujua ile dawa ni ya nini, naye akawaeleza. Jumamosi iliyofuata baadhi yao walirudi. "Vipi, limeiva?" waliuliza mlangoni kama watu wanaoulizia hali ya mgonjwa. Wengine waliondoka na tangi na mchanga wao, wakaahidi kuleta chupa. Yule samaki alipona, na fundi, ambaye hakuligawa tangi lake, alimsimulia kisa hicho kila aliyekuja kupimwa suruali.

Mwezi ulipokaribia kwisha, muuguzi mmoja alileta chupa. Pweza alidondosha dawa. Maji yakawa njano, ila yalikuwa na ukijani kwa mbali sana. Shangazi alikuwa nyuma akichanganya chumvi, wala hakugeuka.

"Bado mabichi, dada," Pweza alisema.

"Hata samaki mmoja tu?"

"Hata mmoja. Njoo wiki ijayo."

Alisubiri uso ukunjwe. Muuguzi akacheka. "Fundi aliniambia kuna duka hapa linawanyima watu samaki. Ndiyo maana nikaja kwenu."

Alipotoka, shangazi aliweka ndoo chini na kujifuta mikono.

"Kesho nitampigia baba yako, nimwambie hatufungi," alisema. "Na wewe, mwanangu, shika hili. Mtu akishaiamini 'bado' yako, ndipo ataiamini 'yameiva' yako."

Pweza aliitikia kwa kichwa, akachukua kitambaa. Kitasa cha mlango kilikuwa kimeota chumvi tena.