Kiti cha Nyuma

"Turbo, kiti cha nyuma kiko wapi?"

"Nimekitoa."

"Umekitoa ukakipeleka wapi?"

"Kiko gereji. Gari inatakiwa iwe nyepesi, mpenzi. Leo wapenzi wa hachibaki tunakutana, lazima niwaoneshe kazi."

Mshonaji aliduwaa pale kwenye geti la hospitali, mkono mmoja kamshika mama yake aliyetoka kupasuliwa nyonga, mwingine kabeba mfuko wa dawa. Wiki nzima huyu mchumba wake alikuwa anaapa: "Mama nitamchukua mimi, usihangaike." Leo kaja na hiyo hachibaki yake, kigari chekundu, kifupi, hakina mkia, na nyuma kumebaki bati tupu. Mwanaume mzima, ndevu zimemjaa, kakaa kwenye usukani anatabasamu!

"Na hicho cha mbele mbona chembamba hivyo?" mama aliuliza.

"Ni kiti cha mashindano, mama. Kinakubana vizuri kwenye kona."

"Baba, mimi nimeshonwa juzi. Sitaki kubanwa."

"Jikaze kidogo tu, mama, si mbali. Wewe mpenzi chukua teksi utufuate."

Kusema kweli, kigari hichohicho ndicho kilichomponza. Siku walipojuana, Turbo alimpa lifti na majora yake ya vitambaa, nyuma kukajaa hadi juu. Kwenye mlima wakalipita gari moja kubwa la kifahari kama limesimama. Mshonaji alicheka mpaka machozi.

"Hii ndiyo raha ya hachibaki," Turbo alimwambia siku ile. "Umbo la kwendea sokoni, injini ya mashindano. Inabeba familia, na bado wenye magari makubwa wanaisoma namba."

Akapenda hapo hapo, masikini. Sasa familia imetolewa, zimebaki mbio.

Simu ya Turbo ikaita. Ilikuwa imeunganishwa na spika za gari, na spika zenyewe ni za kuamshia mtaa. Sauti ya rafiki yake ikajaa getini:

"Turbo! Uko wapi? Magari yote tumeshayapanga!"

"Nakuja, nipo na..."

"Na zile mbio za mlimani mwezi ujao? Shemeji kakubali kusogeza harusi tena? Bado anaamini paa la ukumbi linavuja? Ha ha! Yule dada mpole jamani!"

Turbo akabonyeza vitufe ovyo, badala ya kupunguza akaongeza. Mlinzi wa getini akageuka kuangalia.

"Paa linavuja?" Mshonaji aliuliza.

"Mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Nakusikiliza. Linavuja?"

Turbo akarudi kwenye vitufe vya spika. Hata mama alikuwa anasubiri jibu.

"Gauni nimelishona kwa mikono yangu, linaning'inia dukani. Kila mteja anauliza harusi lini. Mara mbili nimewajibu paa linavuja. Nimekuwa nawaombea mafundi wa paa, Turbo! Mimi, nawaombea mafundi!"

"Ni mbio za mara moja kwa mwaka!"

"Na harusi ni ya kila wiki?"

Akavua pete, akaitupa ndani kupitia dirishani. Ikaangukia nyuma, ikabingirika kwenye bati tupu.

"Mimi na mama yangu tuna uzito. Tunakupunguzia."

Turbo akataka kushuka amfuate, lakini alikuwa kajifunga mikanda minne ya mashindano. Akavuta huu, akavuta ule, mmoja ukamkaba shingo. Bingwa wa mwendo kasi, kashindwa kutoka kwenye kiti! Alipofanikiwa kutoa mguu mmoja nje, teksi ilikuwa imeshasimama, kuukuu, rangi imebabuka, nyuma ina kiti kirefu kilichobonyea. Mama akanyoosha mguu wake juu ya kiti hicho, akashusha pumzi. Mshonaji akakaa mbele.

"Dereva, taratibu tafadhali. Nina mgonjwa."

Hawajafika mbali, ujumbe ukaingia: "Mpenzi rudi. Leo leo kiti nakirudisha."

Mshonaji alilia kidogo, hakuficha. Kisha akajifuta, akaandika:

"Kirudishe. Atakayekuja baada yangu naye ana mama."