Mwanamume wa Isongole

"Alikushika mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Juzi ulisema wa kulia."

Tabita aliacha kuchambua mchele, akamtazama mumewe. "Baba Enesi, unaandika simulizi au unaandika maelezo ya polisi?"

"Ni kazi tu, mama. Msomaji akikuta mkono umebadilika, anaacha kusoma."

Lusubilo alikuwa na duka la kutoa fotokopi pale Chapwa, Tunduma. Lakini mwaka ule wa 2014 watu walimjua zaidi kwa simulizi za mapenzi alizokuwa akizirusha Facebook. Kila asubuhi aliwahi dukani kabla ya wateja, akafunga mlango kwa ndani, akaandika huku akitafuna karanga. Kila sentensi aliisoma kwa kunong'ona. Ulimi ukijikwaa, aliifuta. Alikuwa na udhaifu mmoja tu: hakuweza kubuni penzi kutoka hewani. Lazima asikie mtu akisimulia. Madereva wa malori waliokwama foleni ya mpakani walikuwa wamempa visa vingi, lakini vilimwishia. Ndipo akamgeukia mkewe, Tabita.

"Kabla yangu ulikuwa na mtu?"

"Kule kwetu Isongole. Anaitwa Boazi, mnunuzi wa maharage."

"Nisimulie. Jina nitalibadilisha."

Akamwita Habibu, na Habibu akateka watu. Ndiye aliyembeba msichana mgongoni kuvuka kijito kilichofurika. Ndiye aliyefunga duka asubuhi nzima ili asikilize ndoto aliyoota mpenzi wake, mwanzo hadi mwisho, bila kupiga miayo.

Stumai, muuza vitenge wa jirani, aliingia dukani na simu mkononi.

"Shemeji, huyu Habibu yupo kweli?"

"Ni wa kutunga."

"Mimi mume wangu tangu anioe hajawahi kuniuliza nimeota nini. Halafu huyo mwanamke alimwachaje? Na aliyemuoa baadaye, yeye ana nini cha kumzidi Habibu?"

Lusubilo alijifanya anarekebisha mashine ya fotokopi. Aliyemuoa baadaye alikuwa ni yeye.

Tangu siku hiyo maswali yake nyumbani yalibadilika.

"Ulishawahi kunilinganisha naye?"

"Hilo nalo linaingia kwenye simulizi?"

"Jibu tu."

"Sijawahi."

"Ukinyamaza hivi wakati wa kula, huwa unamfikiria nani?"

"Huwa nafikiria kama chumvi imetosha, Baba Enesi."

Hakuridhika. Alianza kupekua simu ya mkewe anapokwenda kuoga. Hakukuta kitu, na kutokuta kitu kukamtia wasiwasi zaidi. Mwanamke anayefuta ujumbe ndiye wa kuogopwa, alijiambia. Dukani nako, kila alipoandika neno tamu la Habibu alihisi anamsaidia mwanamume mwingine kumtongoza mke wake.

Asubuhi moja akamuua. Lori la maharage lilipinduka mteremkoni, na kabla aya haijaisha Habibu alikuwa amezikwa. Hakunong'ona, wala hakusoma mara ya pili. Alirusha.

Simu ikajaa ujumbe.

"Mwandishi, roho yako ni mbaya."

"Rudisha Habibu au sisomi tena."

Kisha Tabita akaingia, unga ungali mikononi. Wateja watatu walikuwa wamesimama kaunta.

"Umemuua."

"Mtu wa kwenye simulizi hauawi, anaondolewa."

"Hata neno la mwisho hukumpa."

Lusubilo alimtazama usoni. "Macho yako mekundu. Unamlilia?"

"Ndiyo, namlilia."

"Mbele yangu?"

"Ulitaka nikamlilie wapi?"

"Nenda Isongole. Nenda ukamlilie mwenyewe kwake."

Wateja wakainamisha vichwa. Tabita alijifuta mikono kwenye kanga, akaondoka, na jioni hiyo chakula kililiwa kimya. Mtoto wao Enesi aliuliza kuna msiba wa nani.

Kesho yake aliyekwenda Isongole alikuwa Lusubilo. Njia nzima ya vumbi kutoka njia panda ya Mpemba alipanga maneno atakayomwambia mwanamume yule. Alimkuta kwenye ghala, mfupi, kipara kimeanza, akikagua maharage.

"Wewe ndiye Boazi?"

"Ndiye. Umeleta mzigo?"

"Sijaleta mzigo. Mimi ni mume wa Tabita, binti wa Mzee Kibona."

Boazi alifikiri kidogo, uso ukachangamka. "Tabita wa kwaya? Loo, karibu, shemeji. Hajambo?"

"Hajambo. Nataka unieleze ulivyombeba kuvuka mto."

"Nani alimbeba?"

"Wewe."

"Mimi?" Boazi alishika kiuno. "Shemeji, mgongo huu una matatizo tangu ujana. Tabita nilikuwa namsalimia baada ya ibada. Mara moja nilimnunulia soda. Nilitaka kumwambia neno, nikaona aibu. Nikaja kusikia kaolewa Tunduma. Basi."

"Basi?"

"Ndiyo hayo tu."

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya ghala. "Huyo mgeni wa Tunduma muulize kama anamjua yule mwandishi wa huko kwao aliyemuua Habibu."

"Huyo ni mke wangu, Ketrina," Boazi alisema kwa sauti ya chini. "Utusamehe, shemeji. Kuna simulizi huwa ananisomea kwenye simu. Tangu jana hajapika. Hata mimi imeniuma. Ningekuwa na moyo kama wa Habibu, ile soda isingeishia kuwa soda."

Lusubilo aliletewa soda ya moto. Aliinywa yote, akaaga.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Tabita alikuwa uani anaanua nguo.

"Nimemuona Boazi."

Tabita aliendelea kuanua nguo.

"Anasema alikununulia soda tu."

"Ni kweli. Ilikuwa ya machungwa."

"Sasa mto ulitoka wapi? Ndoto? Yale maneno yote?"

"Nilitunga."

Lusubilo alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Ulinidanganya."

"Siku ya kwanza nilikwambia ukweli, salamu na soda. Ukasema hapo hakuna kitu, ukageukia simu yako. Kesho yake nikaongeza mto." Aliweka nguo kwenye beseni. "Ulinisikiliza mpaka chai ikapoa. Baba Enesi, tangu unioe hujawahi kuacha chai ipoe kwa ajili yangu. Nikaona nikiendelea kuongeza, utaendelea kukaa."

"Na Habibu ni nani?"

"Ni mwanamume niliyekuwa namngoja arudi kutoka dukani."

Kijiba cha roho alichobeba Lusubilo hadi Isongole hakikuondoka, kilihama tu.

"Kwa hiyo kila walichokipenda watu ni chako."

"Sentensi ni zako."

"Sentensi hakuna anayezililia."

"Sasa unamuonea nani wivu?"

"Wewe," alisema Lusubilo. "Naona wivu hasa. Miaka yote naokota visa vya watu barabarani, kumbe mtunzi yuko jikoni kwangu." Kisha akainamisha kichwa. "Na jana nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe, Tabita."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Enesi azaliwe. Tabita akasogea, akamwondolea vumbi begani.

"Nimekusamehe. Lakini Habibu arudi."

Asubuhi iliyofuata mlango wa duka ulifungwa kwa ndani, wao wawili wakiwa ndani. Lusubilo alichapa, Tabita akakaa pembeni na bakuli la karanga.

"Hapo asiseme nakupenda," Tabita alisema. "Habibu angeuliza kwanza kama amekula."

Lusubilo alinong'ona ile sentensi. Ulimi haukujikwaa. Walipomaliza, akaandika maneno machache mwanzoni mwa sehemu hiyo mpya: "Sehemu iliyopita nimeifuta, niliiandika kwa hasira. Habibu yu hai. Mtunzi wa simulizi hii ni mke wangu, Tabita Kibona. Mimi ni mwandishi tu."

Ujumbe ukaanza kumiminika. Mmoja ulitoka kwa Stumai: "Jamani, na mume haoni wivu mkewe kumjua Habibu vizuri hivyo?"

Tabita alimnyang'anya simu mumewe, akajibu mwenyewe: "Anaona. Ndiyo maana leo anapika yeye."