Figa la Chuma

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, Kazija alianza kazi zake kwa kuzoa majivu jikoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita katika skuli ya kijijini kwao, Makangale. Akimaliza majivu huchota maji, humwosha uso mdogo wake Ridha, kisha huvaa sare na kuondoka.

Jiko lao lilikuwa banda la makuti nyuma ya nyumba, lenye mafiga matatu ya mawe ya pwani. Mawe hayo hayavumilii moto mkali. Mwezi ule figa moja lilipasuka, sufuria ya uji ikainama na kummwagikia mama yake, Bi Tamima, mguuni. Kidonda kilichukua muda kupona. Kila alipomwona mama akichechemea kuzunguka moto, Kazija aliumia moyoni, na akawa anatafuta kila mahali kitu kigumu kinachoweza kufaa kuwa figa.

Jumanne moja alitumwa kukata ukindu wa kusukia mikeka mpakani mwa shamba lao. Aliukuta umekwisha kukatwa. Ng'ambo ya njia ulianza msitu wa Ngezi, na humo ukindu ulikuwa umestawi, mrefu na laini. Kazija alijua vyema kuwa hairuhusiwi kuingia bila kibali. Kibao kilikuwa pale pale njiani, na baba yake, Hafidh, alikwisha kuwaonya watoto wake kwamba atakayekamatwa na mabwana misitu asimtarajie yeye kwenda kumtetea. Kazija alitazama kulia na kushoto, akaingia.

Hakwenda mbali. Alipokuwa akikata ukindu, kisu kiligonga bati. Alipofunua majani aliona karatasi kubwa ya bati nyeupe iliyopigwa misumari midogo kwa mistari, na mbele yake mapanga matatu ya chuma yaliyopinda kama vidole vya mzee. Alidhani ni mashine ya kilimo iliyotupwa zamani. Hatua chache kando yake, nusu yake ikiwa imezama udongoni, kulikuwa na chuma kinene cha mviringo, kirefu kama mkono wake kutoka kiwiko hadi kidole. Alikichimbua kwa kijiti. Kilikuwa kizito, kigumu, kisicho na ufa. Furaha ilimjaa. Alikiviringisha ndani ya mzigo wa ukindu, akajitwika, akarudi nyumbani shingo ikimuuma.

Mama alifurahi, kisha akauliza kimetoka wapi. Kazija alikuwa amelitayarisha jibu njiani. Alisema amekiokota kando ya barabara, pale mafundi walipochimba mtaro. Mama akauliza tena kama hakina mwenyewe, na Kazija akaapa kwamba mafundi wamekwisha kuondoka. Bi Tamima alikipima kwa macho, akasema ni kirefu mno kwa jiko la kila siku, lakini kitafaa siku ya hitima ya babu, watakapopika kwa sufuria kubwa. Akakiegemeza kwenye pembe ya banda. Kwa siku tisa chuma kile kilikaa pale. Ridha alikipanda kama punda, akakigonga kwa mwiko akikifanya ngoma, na hakuna aliyemkataza.

Hitima iliangukia Alhamisi. Kazija aliomba abaki kusaidia, lakini asubuhi ile darasa lake lilikuwa na jaribio la hesabu, na baba akasisitiza aende. Alipoondoka, mama na Bi Zulekha, dada wa baba yake, walikuwa wakiosha mchele.

Baada ya jaribio lilifuata somo la historia. Mwalimu Masoud alikuwa akifundisha habari za usafiri, na siku hiyo alifika kwenye ndege. Alieleza kwamba ndege za zamani, za kijeshi na za mizigo, ziliendeshwa kwa rafadha, yaani mapanga yanayozunguka puani au kwenye mabawa. Marubani wake walitegemea dira, ramani na macho yao wenyewe. Wingu zito likitanda, au injini moja ikizimika, au mizigo ikizidi, ndege ilipotea njia na mara nyingi haikufika. Nyingi zilianguka baharini na misituni, na watu waliokuwamo hawakuonekana tena.

Mwalimu akasema hata hapa Makangale bibi yake alikuwa akisimulia kwamba wakati wa vita vikuu, alipokuwa msichana, ndege moja ilipita chini sana wakati wa mvua kubwa, ikinguruma kwa kukatakata, halafu kimya. Waliotoka kuitafuta hawakuiona.

Akachora ubaoni: kwanza mapanga matatu ya rafadha, kisha bawa la bati lenye misumari midogo kwa mistari. Kazija aliinua kichwa. Mwalimu akachora kitu cha tatu, chuma kinene cha mviringo, butu upande mmoja, chenye pete ya rangi ya manjano shingoni. Kazija aliwahi kuikwangua rangi kama ile kwa ukucha wake, kwenye chuma cha jikoni kwao.

"Hili ni bomu," Mwalimu Masoud alisema. "Ndege ya kijeshi ikianguka, haya hubaki ndani yake. Katika nchi moja wakulima waliyakuta mabaki ya ndege, mmoja akachukua chuma kama hiki akakifanya fuawe, chuma cha kupondea majembe. Alikitumia mwaka mzima. Siku moja kikaripuka."

Mvulana mmoja aliyeitwa Ngwali aliuliza kama bomu halizeeki baada ya miaka themanini. Mwalimu akajibu kwamba nje huota kutu, lakini kilicho ndani huweza kuwa hatari zaidi kuliko kilipokuwa kipya. Mtu asiliguse, asiligonge, na zaidi ya yote asilisogeze karibu na moto.

Kazija alitazama nje. Jua lilikuwa limepanda, na saa hizo ndipo mama huwasha moto wa nyama. Kazija alitaka kusema, akajizuia. Akisema ni bomu, ataulizwa amelitoa wapi. Atasema msituni. Bwana misitu ataitwa, baba atajua, mama atajua kwamba aliapa uongo. Basi akawaza njia nyingine: aombe ruhusa, akimbie nyumbani, akiondoe chuma kile mwenyewe akakitupe shimoni, na hakuna atakayejua.

Alinyoosha mkono, akaomba kwenda chooni. Mwalimu akamruhusu. Kazija alitoka akakimbia mpaka kwenye mfereji wa maji penye geti. Hapo miguu ikasita. Kutoka skuli hadi kwao ni mwendo wa nusu saa. Na hata akifika kwa wakati, atamwambia nini mama? Atabuni uongo gani mwingine wa kumfanya aondoke penye moto na sufuria ya watu hamsini? Mama hataondoka. Atamwambia asimchezee, apishe njia. Kazija alimwona Ridha akilini mwake, amechuchumaa kando ya moto kama kawaida yake, akingoja kuonjeshwa nyama.

Aligeuka akarudi mbio. Alisimama mlangoni mwa darasa, mbele ya wenzake wote, akasema:

"Mwalimu, sikuwa nakwenda chooni. Hicho ulichokichora kipo jikoni kwetu. Nilikichukua msituni nikamdanganya mama. Leo wanakifanya figa."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Masoud akaweka chaki chini. Alimtuma Ngwali kwa mwalimu mkuu apige simu kwa sheha, kiongozi wa serikali kijijini, na kwa polisi, akamshika Kazija mkono, wakatoka. Wakielekea kwenye vespa walipiga simu ya baba; iliita bila kupokelewa. Simu ya mama ilikuwa imezimwa.

Vespa ya mwalimu ilipita kwenye mashimo ikiruka. Kazija aling'ang'ania shati lake, macho ameyafumba, akisoma Ayatul Kursiyu na kuikosea, akianza upya. Walipokata kona ya mwisho aliyafumbua. Moshi ulikuwa ukitoka juu ya paa la makuti.

Mwalimu alizima vespa mbali na nyumba. Alimwamuru Kazija asisogee hatua moja, akaenda hadi usawa wa mbuyu mdogo uani akapaza sauti. Bi Tamima akatoka na mwiko mkononi, akashangaa kumwona mwalimu saa za skuli. Mwalimu akamwambia waache kila kitu, watoke wote sasa hivi, wasivute kuni wala kugusa chochote. Bi Zulekha akauliza nyama itakuwaje, moto ndio kwanza umeshika. Mama naye alisimama tu, akidhani ni habari ya msiba.

Ndipo Kazija alipopiga kelele kutoka barabarani. "Mama, nilikudanganya! Figa hilo ni bomu! Nililitoa Ngezi!"

Mwiko ulianguka. Bi Tamima alimsukuma wifi yake, Bi Zulekha, mbele, kisha akageuka akarudi ndani ya banda. Kazija aliona mgongo wake ukipotea katika moshi. Alihesabu pumzi zake akafika saba. Mama akatokea, amemkumbatia Ridha aliyekuwa amelala kwenye gunia la makumbi ya nazi, anakimbia kwa mguu wake mbovu, hachechemei hata kidogo.

Walikusanyika mbali barabarani, nyuma ya ukuta wa nyumba ya jirani. Sheha alifika, akawahamisha majirani wote. Polisi wakafunga njia kwa kamba. Moto ule, uliokuwa na kuni tatu tu, ulinywea taratibu bila mtu kuuchochea. Moshi ukawa mwembamba, kisha ukaisha. Hakuna aliyeruhusiwa kusogea. Hitima ilisomwa msikitini kwa tende na maji.

Baba alirudi kutoka shamba akawakuta njiani. Alisikiliza kila kitu akiwa ameinamisha uso. Hakumpiga Kazija, hakumfokea. Alimchukua Ridha mapajani, akamkumbatia, na hilo lilimuuma Kazija kuliko fimbo.

Asubuhi iliyofuata walikuja askari wa jeshi wanaoshughulikia mabomu, wakiongozwa na Sajini Silima, mtu mfupi mwenye sauti ya upole. Alikagua jiko peke yake, amevaa vazi zito. Alipotoka alisema figa lile liliwekwa upande upepo unakotokea, hivyo moto ulikuwa haujalifikia vizuri. Wakaliondoa kwa uangalifu, wakalipeleka ufukwe usio na watu, wakalifukia na kuliripua. Kijiji kizima kilisikia. Madirisha ya skuli yalitikisika, kuku wakatawanyika, na nguzo ya mchanga na moshi ikasimama juu kuliko minazi. Bi Tamima alitazama nguzo ile, akatazama banda lake, akakaa chini.

Siku hiyo hiyo Kazija aliwaongoza askari na bwana misitu, aliyeitwa Himid, hadi kwenye mabaki ya ndege. Walipata mabomu mengine manne chini ya majani. Walipata pia bizimu ya mkanda na soli ya kiatu. Sajini Silima alivua kofia, wengine nao wakavua, maana mahali pale palikuwa kaburi la watu ambao jamaa zao hawakupata kujua walikoishia. Bwana Himid alimwambia Kazija kosa la kuingia msituni linabaki kosa. Akampa adhabu ya kumwagilia miche ya kitalu chao kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Kazija akakubali.

Jioni alimkuta mama akipanga mafiga mapya ya mawe. Aliomba radhi, akilia. Alisema alitaka tu mama asiungue tena.

Bi Tamima alimvuta karibu. "Najua, mwanangu. Nia yako ilikuwa njema, na nimekusamehe. Lakini nilikuuliza mara mbili, na ungeniambia ni cha msituni, baba yako angekwenda kuuliza na chuma kisingelala hapa hata siku moja. Sisi tulikaa na uongo wako jikoni siku tisa, tukaupika. Aliyekuwa hajui ndiye aliyekuwa amesimama karibu na moto. Ukikosea, njoo useme. Hasira yangu utaistahimili. Lile la jana tusingelistahimili."

Akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akamwambia alete kuni, awashe moto.