Alama Isiyosomeka

Mlango wa Gaudensia ulianza kufunguka wenyewe wiki ile ile waliposimika msalaba kwenye kaburi la mumewe. Alikuwa akiufunga kwa komeo la chuma, lakini jua lilipoanza kushukia mawe ya Butiama, komeo lilirudi nyuma polepole, kama linavutwa na mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Chrispin aliyasikia hayo kutoka kinywani mwa Gaudensia mwenyewe, katika duka lake la Nyasho, Musoma, alikokuwa akichapa barua za watu, kutoa kopi na kuchonga vibao vya misalaba kwa mashine. Mama huyo aliinamia kaunta na kunong'ona, ingawa hakukuwa na mteja mwingine.

"Fundi, mwanzoni nilifurahi. Nilikuwaga namwekea ugali na sato, asubuhi nakuta sahani nyeupe. Nikasema Isidori amerudi kutuangalia. Lakini sasa Gloria haongei. Mtoto anakaa tu, anautazama mlango." Akaigonga kaunta kwa kidole. "Ile alama uliyotuchongea, ulisema inasemaje vile?"

Chrispin aligeukia kompyuta yake.

Kila herufi ya maandishi ya dunia hii ina namba yake ndani ya kompyuta, katika mpangilio mmoja mkubwa uitwao Unicode, na Chrispin aliupenda mpangilio huo kuliko wenzake walivyopenda mpira. Wateja wakiadimika, aliandika programu fupi za mistari michache: moja ya kupita namba baada ya namba na kuonyesha herufi zake, nyingine ya kufunua ukurasa mpya kila akibonyeza kitufe, nyingine ya kuikuza herufi moja mpaka ijaze kioo. Palipotokea visanduku vitupu, alitafuta fonti mtandaoni mpaka visanduku vikageuka maandishi. Ndivyo alivyofika kwenye maandishi ya watu wa kale waliotoweka, ambayo hata wasomi wameshindwa kuyasoma.

Yalikuwa kiooni siku Gaudensia alipokuja kuagiza kibao. Mumewe Isidori alikuwa amefukiwa na kifusi katika shimo la dhahabu huko Buhemba. Macho ya mjane yalitua kwenye alama moja, kama mtu aliyesimama ndani ya fremu ya mlango.

"Hiyo nzuri. Inamaanisha nini?"

Alikuwa akimtazama Chrispin kama watu wanavyomtazama daktari, na Chrispin hakuzoea kutazamwa hivyo.

"Pumzika kwa amani," alisema. Akaichonga chini ya jina la marehemu.

Na sasa, mama huyo akiwa mbele yake tena, amekonda, akasema vilevile. "Pumzika kwa amani, Mama Gloria." Uongo wa pili ulimtoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Gaudensia alipokwenda zake, Chrispin aliwasha programu yake na kuitafuta ile alama. Majirani wa alama hiyo wote walikuwepo, kushoto na kulia, wamenyooka katika safu zao. Mahali pake palikuwa na kisanduku kitupu. Akakikuza. Fremu ilijaza kioo, na ndani yake hapakuwa na mtu. Duka zima likanuka udongo mbichi, ule wa chini sana, usiowahi kuona jua.

Kesho yake hakufungua duka. Alikwenda Butiama.

Alimkuta Bibi Euphrasia, mganga mwenye rozari shingoni, akifukiza mizizi sebuleni kwa Gaudensia. Gloria alikuwa amekaa juu ya mkeka, midomo imekauka, vumbi la kifusi kwenye kope zake, na kila alipopumua lilisikika jiwe dogo likiporomoka mahali mbali.

"Hiki hakikuja chenyewe," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Kimeitwa. Nani alikiita?"

Chrispin alitazama miguu ya mtoto, jinsi ilivyokuwa imekonda.

"Mimi, bibi. Ile alama mimi siijui. Hakuna mtu anayeijua. Nilidanganya ili nionekane nimesoma."

Gaudensia hakupiga kelele. Alimtazama tu, na Chrispin alitamani angempiga.

"Basi nenda kaiseme hiyo kaburini, kwa mdomo huo huo, uifute," bibi alisema. "Na wewe mama, kikitoka, ufunge mlango. Hata kikikwambia nini, usifungue."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba. Chrispin alipiga magoti na tupa ya chuma mkononi, akasema, "Isidori, nilidanganya juu yako," akaanza kuikwangua ile alama, na kila tupa ilipopita, ardhi ilitikisika chini ya magoti yake, na harufu ya udongo ikampanda kooni mpaka akakohoa vumbi ambalo hakulivuta, na ndani ya nyumba kitu kikaanza kutembea kwa miguu mizito ya mtu aliyebeba gunia la mawe, kikapita sebuleni, kikapita mlangoni, kikasimama nje, karibu sana naye, kikipumua, naye akaendelea kukwangua amefumba macho, akilia, mpaka aliposikia mlango ukibamizwa na komeo likisukumwa.

Ndipo sauti ya mwanamume ikasikika mlangoni, ya upole, iliyochoka.

"Kasuku. Usinifungie. Huku nje kuna giza."

Lilikuwa jua la saa nane mchana.

"Kasuku wangu."

Ndani, Gaudensia alikuwa akilia kwa sauti ya kubanwa, lakini komeo halikusogea. Tupa ikamaliza mstari wa mwisho. Kimya. Kisha sauti nyembamba ya Gloria: "Mama, nina njaa."

Bibi Euphrasia aliimwaga dawa yake kizingitini, akasema jini limekwenda, lisitafutwe. Mtoto alikunywa uji, akaomba tena.

Chrispin alikuwa akijiandaa kuondoka, asijue aombe msamaha kwa maneno gani, Gaudensia alipomfuata uani.

"Lile jina, Kasuku. Isidori aliniitaga hivyo tukiwa wawili tu. Hata mama yangu halijui." Aligeuka kuutazama mlango. "Jini lililijuaje?"

Chrispin alikwepesha macho.

"Sijui, Mama Gloria."

"Na mimi sijui," alisema. "Lakini ni mimi niliyemfungia."