Aliyezikwa Mara Mbili

Treni ya manamba, vibarua wa mkonge, ilikuwa imekwisha kuanza kutambaa pale Konstebo Twalibu alipoingia stesheni na baiskeli yake, amelowa jasho asubuhi ile ya baridi ya mwezi wa sita kama mtu aliyetoka mtoni.

Inspekta Mabruki alimwona, lakini hakumwendea. Kazi yake ilikuwa kusimama pale mpaka behewa la mwisho litoke Tabora, maana kila safari hawakosi wawili watatu waliokula posho ya kambi, kisha wakaruka upande wa pili wa reli. Wanaume walijaa milangoni, kila mmoja amejitanda blanketi jipya la kijivu lenye mstari mwekundu, wakiwatania wanawake waliobaki.

"Usiningoje, mama wee! Mimi nimeolewa na mkonge!"

"Kaolewe! Ukirudi na mimba, usije kwangu!"

Dirisha moja tu lilikuwa kimya. Mtu wa makamo alikaa hapo amejikunyata ndani ya shati tupu. Hakuimba, wala hakutazama nje. Katikati ya mablanketi yale alionekana kama pengo kinywani. Mabruki alimfuata kwa macho mpaka behewa likapita.

"Haya, sema," alimwambia Twalibu.

"Afande, Igombanilo kuna kaburi limefukuliwa. La Ngollo. Yule aliyefia njiani akirudi kutoka mkongeni, mwaka juzi."

"Wameiba nini?"

"Hawakuiba, afande. Wameongeza." Twalibu aliegemeza baiskeli. "Kaburi lile halikuwa na mtu. Walizika nywele zake tu, na shati, kwa kuwa mwenyewe alibaki huko huko porini. Sasa lina mtu."

"Mtu gani?"

"Ngollo mwenyewe. Na hajaoza."

*

Igombanilo iko kando ya barabara ya Sikonge, pale ambapo njia ya zamani ya wapagazi inakatiza msitu wa miombo. Babu yake Mabruki aliingia Tabora kwa njia hiyo, pembe ya ndovu begani. Wenyeji hawaipiti peke yao. Husema ukitulia utasikia mtu akikohoa, na ukigeuka huoni mtu. Ni wale walioshindwa mzigo, wakawekwa chini ya mti, msafara ukaendelea.

Kijiji kizima kilikuwa kimesimama mbali na kaburi. Hakuna aliyelia. Walikwisha kumlia.

"Jana wanawake waliona udongo mbichi," jumbe alieleza. "Kaburi la miaka miwili, udongo mbichi! Nikaamuru lifukuliwe. Tulipofunua uso, waliokuwa na majembe waliyatupa wakakimbia. Na mimi nilikimbia, sikufichi."

Mabruki alishuka shimoni. Maiti ililala sawasawa, mikono imekunjwa kifuani. Chini ya kichwa palikuwa na shati la zamani, limekunjwa kama mto. Juu ya kifua kibuyu kidogo kilichovunjwa mdomo, na ndani yake nywele. Mwili wote ulikuwa umefungwa katika blanketi jipya la kijivu lenye mstari mwekundu.

Daktari wa serikali, aliyefuatana naye kutoka Tabora, hakuchukua muda. "Fuvu limepasuka kwa nyuma. Chuma kizito, mfano wa jembe. Amekufa siku mbili hizi. Na huu mguu una donda kubwa lililopona zamani."

"Ni Ngollo kweli?" Mabruki aliuliza.

"Ndiye," alisema jumbe. "Na aliyemuua tumemfunga kule."

Kule alikuwa Modest, mdogo wake marehemu, amefungwa kamba kwenye nguzo ya ghala, sikio moja linatoka damu. Mkewe Josepha alikaa chini kando yake na kata ya maji, hanywi wala hamnyweshi, anatazama tu. Josepha alikuwa mke wa Ngollo kabla ya kuwa mke wa Modest.

"Umemuua ndugu yako?"

"Ndugu yangu alikufa mwaka juzi, afande. Nilinyoa nywele. Nikamrithi shemeji. Padre alinuna, wazee wakakubali."

"Akirudi mzima, mke ni wa nani?"

Modest alimtazama Josepha.

"Jibu."

"Wake."

"Na shamba, na mizinga?"

"Vyake."

"Unaona unavyoonekana?"

"Naona, afande. Hata ningekuwa mimi jumbe, ningenifunga."

"Utanyongwa, Modest."

"Basi mwambieni mama taratibu. Hana mwingine."

*

Mama yao, Apolinaria, alikaa peke yake katika tembe la mwisho kijijini. Mabruki hakuingia moja kwa moja. Alizunguka nyumba kwanza. Ukuta wa nyuma, karibu na ardhi, ulikuwa umezibwa kwa udongo ambao haujakauka. Mtu angeweza kupita hapo kwa kutambaa.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama kwa lugha ya kwao.

"Mwangaluka, baba. Karibu. Umekuja kumchukua na huyu aliyebaki?"

"Nimekuja kuuliza. Nani alipita nyuma ya nyumba yako?"

"Mbuzi."

"Mbuzi huzibiwa tundu baada ya kutoka?"

Mama alikaza macho kwenye majivu.

"Mama, Modest yuko kwenye kamba. Kesho nampeleka Tabora, na kutoka Tabora sitaweza kumrudisha. Wewe ndiye mwenye kujua neno. Sema."

Kuku aliingia, akadonoa, akatoka.

"Ngollo alikuja," mama alisema. "Juzi, jua likizama. Alisimama kule nyuma akaniita kwa jina langu la utoto, ambalo Modest halijui. Nikajua ni mzimu wake. Aliyekwisha kuliliwa matanga hapitishwi mlangoni, nikamtobolea ukuta. Nikampa ugali na uyoga."

"Akasema nini?"

"Kwamba hakufa. Warina asali wa huko porini walimwokota, wakamuuguza mguu. Akataka kuja nyumbani, hana nauli. Kampuni humlipia mtu nauli ya kwenda mkongeni; ya kurudi hailipi mpaka amalize mkataba. Basi akarudi huko huko, akaandikishwa upya, akafanya kazi mpaka akaipata. Akasema nisimwambie mtu. Kesho ataingia kwa mlango, lakini kwanza aliyeleta nywele azifukue kwa mkono wake, ndivyo inavyotakiwa kwetu. Alfajiri akatoka. Sikumwona tena, mpaka walipofunua kaburi."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Mzimu umetoka kaburini, umekula, umerudi kaburini. Ndiko kwake."

Mabruki alichutama mbele yake. "Mama. Ule ugali aliumaliza?"

"Aliumaliza. Akalamba na bakuli."

"Mzimu haulambi bakuli, mama. Wala hauna fuvu la kupasuka."

Apolinaria alilitazama bakuli. Kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe ambalo lilisikika mpaka kaburini. Ndiye wa kwanza kumlia Ngollo kwa mara ya pili.

Alipotulia kidogo, Mabruki aliuliza, "Nani alileta zile nywele?"

"Tobias. Rafiki yake. Waliondoka pamoja, akarudi yeye tu. Alitwambia Ngollo alikufa mikononi mwake kule Mgunda Mkali, jirani na Itigi, kwenye mti wa mkwaju uliopigwa radi, akamchimbia kaburi peke yake." Alijipangusa pua kwa kanga. "Lakini juzi Ngollo aliniambia neno. 'Mayu, alinikata nywele huku namtazama.'"

Twalibu, aliyekuwa mlangoni, alirudi nyuma hatua moja.

"Jumbe!" Mabruki alimwita aliyekuwa akingoja nje. "Tobias yuko wapi?"

"Ameondoka na manamba leo asubuhi. Aliapa hatarudi huko, lakini utafanyaje, afande? Chumvi imepanda, kaniki imepanda, kodi ndiyo usiseme. Kilichobaki palepale ni bei ya asali yetu. Wiki hii kambini walimpa ruhusa aje kuaga watoto."

Mabruki alikuwa analiona lile dirisha la treni na shati tupu. Manamba huandikiwa deni la blanketi lile kabla hajauona mkonge. Hulilalia, hujifunika, wengine huzikwa nalo. Halitupi.

"Mfungueni Modest," alisema.

"Afande, watu hawatakubali..."

"Mfungueni. Blanketi lililomo kaburini limetoka kambini wiki hii. Huyu hajafika kambini."

*

Telegramu ilitangulia. Jibu lilikuwa linamngoja Mabruki stesheni ya Tabora: manamba mmoja aliteremka Itigi kunywa maji, hakupanda tena.

Yeye na Twalibu walimfuata kwa treni ya mizigo, wakafika kunapambazuka. Mkuu wa stesheni aliwaonyesha kwa kidole, mwenyewe hakutoka barazani.

"Aliingia kule, njia ya wapagazi. Sisi hatuingii."

Vichaka vya Itigi havina njia ila hiyo moja. Matawi yamefumana mpaka mchana huwa kama magharibi. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Walitembea Mabruki mbele, Twalibu nyuma akiwa na bunduki, mpaka wakausikia mlio: kwaruu, kwaruu, kama mtu anayekomba sufuria.

"Afande," Twalibu alinong'ona, "tungoje jua lipande."

"Hapa halipandi. Twende."

Chini ya mkwaju uliochanwa na radi, mtu alikuwa shimoni mpaka kiunoni. Alichimba kwa sahani ya bati, ile wanayogawiwa manamba. Shimo lilikuwa limenyooka vizuri, urefu wa mtu.

"Tobias."

"Nakuja, afande. Bado kidogo."

"Unachimba nini?"

"Kaburi la Ngollo."

"Ngollo yuko Igombanilo. Wewe ndiye uliyemweka."

"Najua. Lakini nilisema nilimzika hapa." Alizidi kuchimba. "Wote wanajua nilimzika hapa. Wangekuja wakaangalia, wangekuta nini?"

Twalibu alimtoa shimoni, akamtia pingu. Hakushindana. Alikaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani.

"Eleza," alisema Mabruki.

"Tulikuwa tunarudi kwa miguu. Aliumwa kabla kadi yake ya kazi haijajaa, hakupewa tiketi ya treni. Nikasema siwezi kumwacha, tukatoroka wote. Hapa mguu ukamshinda. Maji yamekwisha. Nilimbeba mpaka nikaona tutakufa wawili. Wapagazi walifanya hivyo hivyo, afande. Hawakuulizwa."

"Na nywele?"

"Aliniuliza, 'Tobias, unafanya nini?' Nikamwambia, 'Mama yako atazitaka.' Akainamisha kichwa nipate kukata vizuri."

Mahali fulani vichakani tawi lilivunjika. Wote watatu waligeuka. Hapakuwa na kitu.

"Endelea."

"Nyumbani waliniheshimu. Kila aliyefiwa na mtoto huko mkongeni, mwili hauonekani, aliniita nieleze nilivyomzika Ngollo. Nilivyomfumba macho, nilivyosali. Wanalia, wanapata nafuu. Walikuwa wengi, afande. Nilieleza mpaka nikaona kweli nimefanya. Halafu juzi, jogoo hajawika, nagongewa mlango. Nafungua, ni yeye."

"Alikutukana?"

"Angenitukana ningemwacha. Hakunigombeza hata kidogo. Alisema, 'Njoo ufukue nywele zangu. Jumapili, watu wakitoka kanisani, utasimama useme ulivyoniacha. Sitaki kingine kwako.' Tukaenda. Nikafukua, nikampa kibuyu. Akakivunja mdomo, akachungulia, akacheka. 'Zilikuwa nyeusi,' akasema. Alikuwa ameinama, kama siku ile. Jembe lilikuwa mkononi mwangu."

"Ulimuua kwa kuogopa kusema?"

"Nilisema nimemzika. Nikamzika."

Mabruki akauliza lililokuwa linamkera tangu stesheni. "Blanketi ulilitoa wapi?"

"Nililichukua kambini kwenda kulala nalo nyumbani. Alfajiri nilikuwa nimejifunika."

"Ulijua utakatwa. Ulijua utasafiri na baridi. Kwa nini ulimwachia?"

Tobias aliitazama sahani yake ya bati.

"Ile mara ya kwanza nilichukua na la kwake," alisema. "Usiku ule nilijifunika mawili."

*

Tobias alikiri tena mbele ya jaji, maneno yale yale, akanyongwa kabla ya mvua za mwaka ule. Watoto wake walichukuliwa na ndugu wa mama yao wanaoishi mtaa wa Kanyenye, Tabora.

Modest alifunguliwa. Lile sikio halikusikia tena. Waliompiga walimletea mbuzi mmoja, naye akampokea.

Josepha alimwuliza mkwewe kama usiku ule Ngollo alimtaja. Apolinaria alisema alimtaja. Hakuna mwingine anayejua.

Ngollo alirudishwa katika kaburi lile lile, mchana, mbele ya watu. Kampuni ya mkonge ilidai blanketi lake polisi, kwa kuwa lilikuwa halijakatwa kwenye mshahara wa mtu yeyote. Mabruki alijibu kwamba linatumika.

Shimo la Itigi lilikaa wazi mpaka masika. Kisha mfanyakazi mmoja wa reli alikufa kwa homa, hana ndugu karibu, wenzake wakamzika humo.

Twalibu aliomba uhamisho, akapelekwa Mwanza. Mabruki aliendelea kusimama stesheni kila treni ya manamba ilipoondoka, akihesabu wasio na blanketi.

Mwaka uliofuata bei ya chumvi ilipanda tena, na Modest akaandikishwa mkongeni. Siku aliyoondoka, mama yake alitoka nyuma ya nyumba na jembe, akatoboa ukuta palepale. Tundu lile hakuliziba mpaka mwenyewe alipokufa.