Mzee wa Jumapili

Simu ya mchumba wake ilitetemeka juu ya kaunta, ikajizungusha kidogo katikati ya mayai, kisha kioo kikawaka. Trei hakuwa mtu wa kuchungulia simu za watu. Lakini maandishi yalikuwa makubwa, na yeye alikuwa amesimama pale pale.

MZEE: "Leo wahi mwanangu. Jumapili iliyopita ulinipeleka mbio mno, mpaka leo koo linawasha. Ila nimejiona kijana upya."

Akasoma mara mbili. Mara ya tatu akasoma huku amekaa.

Jina la Trei alipewa na mtaa, kwa sababu ya duka lake la mayai ya jumla. Alikuwa mpole wa kupindukia, mtu wa kukanyagwa mguu akaomba radhi yeye. Mchumba wake, ambaye kila mtu alimwita Fundi, alishona sare za shule mtaa wa pili. Walijuana miezi minane nyuma, siku alipoingia dukani kuomba trei tupu. Mayai hakutaka, alitaka trei tu. Wiki iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena. Trei akadhani anafuga kuku, baadaye akadhani anampenda. La pili lilikuwa kweli. La kwanza hakuwahi kuuliza.

Fundi akatoka stoo amekumbatia trei kumi na tano.

"Nani amepiga?"

"Hakuna aliyepiga. Ni ujumbe tu."

Akausoma, akatabasamu peke yake, akaitumbukiza simu kwenye mkoba.

"Mteja," akasema. "Mzee mmoja hivi. Naenda kumpima suruali."

"Jumapili?"

"Ndiyo siku anayopata nafasi."

Akambusu shavuni, akaondoka na trei zake. Trei akabaki anapangusa yai moja kwa dakika tano, mpaka likapasuka mkononi.

Akampigia dada yake.

"Dada, suruali inapimwa kooni?"

"Wewe umekunywa nini?"

Akamsimulia. Dada yake alikuwa nesi wa miaka mingi, na hakuna jambo la binadamu lililomshtua. Hili lilimshtua.

"Kijana upya? Trei, mdogo wangu, unaibiwa mchana kweupe! Ndiyo maana kila tukipanga aje nyumbani kumwona Baba, Jumapili mchana hawezi!"

"Na Baba naye hawezi. Jumapili anakwenda kunyoosha miguu."

"Usimwingize Baba wa watu, hiyo ni miguu ya mstaafu. Funga duka. Tunamfuata huyo mwanamke."

Wakamfuata. Fundi alipita nyuma ya kiwanda cha sabuni, akaingia kwenye ghala la zamani la magunia, mlango ukafungwa. Dada akabandika sikio mlangoni. Trei naye akabandika la kwake, chini kidogo.

Ndani ilisikika sauti ya Fundi: "Mzee, safari hii usikate pumzi. Nikianza tu, na wewe unaingia."

Sauti ya mwanamume, nzito, imechoka: "Nipe dakika, mwanangu. Umri huu."

"Dakika hatuna. Wenzako wako tayari."

Dada akamgeukia Trei, macho yamemtoka. "Wenzako? Kumbe wako wangapi humo?"

Kabla hajajibiwa, kukalipuka. Ilikuwa kama kabati la vyombo limeporomoka kwenye ngazi ndefu na halitaki kufika chini. Katikati ya kishindo hicho mtu akapiga ukelele ambao Trei hakuwahi kuusikia, si kwa mtu, si kwa mnyama.

"Wanamuua mtu!" Dada akapiga yowe. Nesi wa miaka mingi akaupiga mlango teke.

Trei akaingia mbele, ameshika yai bichi, maana ndiyo silaha aliyoikuta mfukoni.

"Mwachie mchumba wangu, mzee mshenzi wewe!"

Kelele zikakatika. Kuta zote zilikuwa zimebandikwa trei za mayai toka chini hadi juu, na kila moja ina mhuri wa duka lake. Pembeni kijana mmoja, kinyozi wa pale sokoni, ameshika gitaa. Kando yake mwanamke wa miwani, mkutubi wa maktaba ya wilaya, ameshika gitaa la besi. Nyuma kabisa Fundi amekaa kwenye dramu, jasho linamtiririka, fimbo mbili hewani. Na mbele, mkono mmoja umeshika kipaza sauti na mwingine umeshika kiuno, alisimama mzee wa shati lililopigwa pasi.

"Baba?" Trei na dada yake wakasema kwa pamoja.

Baba yao alikuwa karani wa mahakama mstaafu. Miaka thelathini aliandika maneno ya watu wengine, na tangu mkewe afariki miaka miwili iliyopita, nyumbani hakutoa zaidi ya maneno matatu kwa siku. Asubuhi alisema "Ahsante." Jioni alisema "Lala salama."

"Fungeni mlango," Baba akasema. "Sauti inatoka, hizo trei za ukutani peke yake haziizuii."

Fundi akashusha fimbo. "Mzee, hawa ni watoto wako?"

"Ndiyo. Na wewe ndiye mchumba wa mwanangu?"

"Ndiye mimi."

"Mungu wangu," Baba akasema, akatafuta spika ya kukalia.

Kinyozi akacheka mpaka gitaa likalia lenyewe. Mkutubi akamkanyaga.

"Hiki ni kitu gani?" Dada akauliza.

"Ni bendi," Mkutubi akajibu kwa sauti ya maktaba. "Chuma Chakavu. Tunapiga muziki wa panki, ule wa kusaga. Wimbo mfupi, mwendo mkali."

"Mfupi kiasi gani?"

"Huo mliouvunja ungekuwa na sekunde kumi na moja."

Trei hakusikia hayo. Alikuwa anamtazama Fundi. "Ulinidanganya. Miezi minane. Uliniambia unapima suruali."

"Na wewe ukaleta dada yako kunifumania." Fundi akasimama. "Ungeniuliza, Trei. Ungesema, 'Fundi, huyu Mzee ni nani?' Maneno matano."

"Ungenijibu?"

Fundi akaziweka fimbo juu ya ngoma. Kisha akasema polepole, "Mchumba wangu wa kwanza nilimwambia ukweli. Alisema nichague, yeye au kelele. Na mama yangu ni mwalimu wa kwaya, akijua hili atalazwa. Kwa hiyo nilinyamaza, ndiyo. Nilikosea. Lakini sikumleta mtu mwingine moyoni, na wewe umekuja na yai kunipiga!"

"Yai lilikuwa la Mzee."

"Nenda, Trei."

"Fundi..."

"Nenda. Tuna mazoezi."

Akaenda. Dada akamshika mkono njia nzima, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na ushauri.

Jioni ile Trei alimsubiri baba yake sebuleni. Mzee akaingia, akavua viatu, akataka kupita.

"Baba, keti kidogo."

Akaketi.

"Miaka miwili nakula na wewe meza moja," Trei akasema. "Nakuuliza umelalaje, unatikisa kichwa. Kumbe sauti unayo. Unampa kinyozi."

Mzee akakitazama kiti kilichokuwa mbele yake, kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba.

"Humu ndani nikifungua mdomo, namsubiri ajibu," akasema. "Hajibu. Basi nikaona heri nifunge. Siku moja napita kule ghalani nikasikia wale watoto wanapiga. Nikaingia. Huyo binti akaniuliza, 'Mzee, kelele zinakusumbua?' Nikamwambia, 'Hapana, naona hazitoshi.'"

Trei akacheka bila kutaka.

"Na ule wimbo, unasemaje? Sikuambulia hata neno."

"'Vua viatu! Nimepiga deki! Kwa nini huli? Funga dirisha!'" Mzee akahesabu kwa vidole. "Ni maneno ya mama yako. Yote. Mtu hawezi kuyasema taratibu, mwanangu. Nimejaribu."

Wakakaa kimya, lakini safari hii kimya kilikuwa cha watu wawili.

"Yule binti ni mwema," Mzee akasema mwishoni. "Na wewe ni mjinga. Lala salama."

Trei akaandika ujumbe usiku huohuo, akafuta, akaandika tena: "Fundi, nisamehe. Niliogopa, na badala ya kukuuliza nikakuvizia. Sitaki uache dramu. Nataka uniambie ukweli tu, hata kama una kelele."

Jibu likaja kesho yake saa nne: "Nimesoma."

Dada akaliona. "'Nimesoma' ni dawa au ni sumu?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Jipe moyo."

Wiki mbili hakuna trei tupu iliyoombwa. Ziliongezeka stoo mpaka mlango ukakataa kufunga. Ndipo Jumamosi moja mchana simu ikaita.

"Shemeji! Au niseme shemeji mstaafu?" Alikuwa Kinyozi. "Leo tuna onyesho uani kwa fundi baiskeli. Tumebandika matangazo mji mzima, na gari la vyombo limekufa. Wewe si una ile pikapu ya mayai?"

"Fundi anajua unanipigia?"

"Anajua. Ametukana kidogo, halafu akasema nipige."

Trei akafika kabla simu haijapoa. Wakapakia spika, dramu na magitaa. Baba akapanda nyuma kulinda vyombo. Fundi akakaa mbele, anatazama nje dirishani. Trei akawasha gari, na kwa sababu miaka kumi alibeba mayai tu, akaendesha kama anavyoendesha siku zote. Mwenye baiskeli akawapita. Kisha bibi mmoja mwenye mkongojo akawapita.

"Trei," Fundi akasema bila kugeuka, "hizi ni ngoma. Hazipasuki."

"Nimezoea."

"Watu wanasubiri."

"Nataka ufike mzima."

Fundi akauma mdomo ili asicheke. Akashindwa.

Uani kwa fundi baiskeli walikuwepo watu kama arobaini, wengine wamepanda juu ya matairi. Wakaunganisha waya, Fundi akahesabu, na dunia ikavunjika. Nyimbo kumi na tisa kwa dakika kumi na nne. Vijana walirukaruka na kusukumana kwa furaha, aliyeanguka akainuliwa. Trei akajikuta katikati yao. Akapoteza kiatu, akaomba radhi kwa watu saba, kisha akaacha kuomba. Mbele, Baba yake alipiga mayowe ya "Vua viatu!" mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na watu arobaini wasiomjua mama yake wakaitikia, "Nimepiga deki!" Trei akalia hapohapo, akiruka.

Baadaye akamkuta Fundi amekaa nyuma ya pikapu, anajifuta jasho kwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Haya, sema," Fundi akasema. "Ukweli."

"Ukweli, masikio hayasikii. Na ule wimbo wa nne sikuupenda."

"Hata mimi siupendi. Ni wa Kinyozi."

"Lakini nilikutazama unavyopiga. Sijawahi kukuona na uso ule. Nikajiuliza, hivi mimi nilitaka kumwoa nani, kama huyu simjui?"

Fundi akakunja kile kitambaa, akakikunjua.

"Mimi niliogopa, Trei. Ulikuwa mpole sana. Nikasema, huyu nikimpigia ngoma atavunjika."

"Nimepoteza kiatu tu."

Akamtazama mguuni. Soksi ilikuwa na tundu.

"Kesho leta hiyo soksi niitie kiraka," akasema. "Na twende kwa mama. Nimechoka kujificha. Tukimwambia, tumwambie wote."

Kesho yake wakaenda, pamoja na Baba na Dada, na vyombo ndani ya pikapu. Mama yake Fundi, mwalimu wa kwaya wa miaka ishirini na sita, aliwapokea kwa heshima, akasikiliza hadi mwisho bila kupepesa, kisha akasema, "Niimbieni."

"Mama, si kuimba hasa," Fundi akasema.

"Nimesema niimbieni."

Kinyozi na Mkutubi wakaitwa. Wakapiga sebuleni. Picha moja ikaanguka ukutani. Sekunde kumi na moja.

Trei alishika mkono wa Fundi.

"Umeisha?" Mama akauliza.

"Umeisha, Mama."

Mama akasimama, akamwendea Baba, akamtandika kiganja tumboni.

"Baba mkwe, unaimbia kooni. Utakauka sauti kabla ya harusi. Pumzi itoke hapa. Na wewe wa gitaa, umechelewa kuingia. Rudieni."

"Mama," Fundi akasema, machozi yanamlenga, "hujakasirika?"

"Nimekasirika sana. Miaka sita unapiga ngoma, mimi natafuta mpigaji mwenye mwendo, na uko chumba cha pili! Tutagombana baadaye. Rudieni, nimesema."

Wakaoana mwezi uliofuata, saa nane mchana. Gauni alilishona bibi harusi mwenyewe, akaacha mpasuo magotini kwa ajili ya kukanyaga pedali ya dramu. Baada ya kutia saini, Mkutubi akawapa vijikaratasi vya maneno wageni wote, na Mama akawapanga kwa sauti: wa juu kulia, wa chini kushoto. Trei alisimama kando ya dramu, ameshika fimbo za akiba.

"Uko tayari, mume wangu?"

"Sijui natakiwa kufanya nini."

"Piga kelele tu. Popote utakapoingia, ni sawa."

Bibi harusi akapandisha gauni, akakaa, akagonganisha fimbo mara nne, na mume wake akaingia kabla ya wakati, kwa sauti yake yote.