Kiraka cha Suruali ya Hemedi

Kadidja alitwanga pondu, majani ya muhogo, kwa nguvu, utadhani kinu kimemtukana. Asubuhi ile mahakama ilikuwa imemrudisha nyumbani mikono mitupu.

Mumewe Hemedi, fundi cherehani mkubwa wa Kisangani, aliuawa gerezani wakati wa uasi. Miaka saba imepita. Daftari la gereza linasema: ametoroka. Basi aliyetoroka hakufa, na asiyekufa hana muuaji wa kushtakiwa.

Shahidi alikuwa mmoja tu: Feruzi, mdogo wake Hemedi, aliyefungwa pamoja naye. Mbele ya jaji, Feruzi alidai askari mia mbili walimpiga Hemedi risasi, naye akazitema kama mbegu za papai. Jaji akafunga faili.

Jioni akaja jirani yao Papa Hilaire, karani mstaafu wa mahakama.

"Feruzi, zile risasi uliziona?"

"Nilizisikia tu, papa. Lakini ndugu yangu alikuwa mwanaume, donc..."

"Tribunal haitafute mwanaume. Ulisikia, sema ulisikia. Hujue, sema hujue. Bon, uliona nini?"

"Waliita jina yake, akatoka. Nikasikia risasi. Kisha wakapitisha maiti, uso umefunikwa."

"Ulijua aje ni yeye?"

Feruzi akagusa goti lake.

"Suruali iko na kiraka ya kijani kwa goti. Fundi anavalisha muji muzima, yeye mwenyewe anavaa kiraka? Niliona haya kusema."

Kadidja akaweka mchi chini. "Ile kiraka nilishona mimi. Kitambaa kilichobaki iko ndani ya sanduku."

"Alors, huo ni ushahidi mupya," akasema Papa Hilaire. "Kwa ushahidi mupya, tunaomba faili ifunguliwe."

Wakaandika ombi. Walienda mahakamani mara nne. Mara muhuri haupo, mara jaji yuko safarini Yahuma. Kadidja hakuchoka kurudi tena, kitambaa kifuani.

Mara ya nne, Feruzi alisema aliyoyaona, akakaa.

"Nani alipiga risasi?" jaji akauliza.

"Sijue, bwana juge."

Kadidja akatandika kitambaa cha kijani mezani, akaapa ndicho alichoshonea kiraka cha suruali aliyokamatwa nayo Hemedi. Jaji akakitazama sana, kisha akaandika: Hemedi alifia gerezani. Faili ikapelekwa kwa mwendesha mashtaka.

Nyumbani, Feruzi akamega lituma, ndizi za kupondwa. "Shemeji, wale askari mia mbili, sasa naweza kuwasema?"

"Hapa nyumbani, sema hata mia tatu," Kadidja akacheka, huku akikunja kitambaa na kukirudisha sandukuni. "Kule tunamutafuta mumoja tu, aliyetoa amri. Siku ya tatu ya juma tunarudi tribunal."